Ukoko mweupe chooni: nitumie nini badala ya asidi kali?

Mama Wawili: Wakuu, maji ya kisima yameacha ukoko mgumu kwenye sinki la choo na kwenye shawa. Asidi ya dukani inautoa, ila mvuke wake unabana kifua na ndani kuna mtoto mwenye pumu. Kuna mbadala? Sakafu ni terazo.

Fundi Bomba: Huo ni chokaa ya maji magumu, ndiyo maana sabuni haiugusi. Unataka kitu kichachu: ndimu ya unga. Sukuma maji ya sinki kwa brashi yashuke, la sivyo yataizimua. Nyunyiza vijiko vikubwa 4 juu ya ukoko, mimina nusu lita ya maji moto yasiyochemka (yanayochemka hupasua kauri), acha usiku kucha. Asubuhi sugua, flashi. Ukoko wa miaka unataka usiku wa pili. Usikwangue kwa chuma; kauri ikichubuka, uchafu unashika zaidi.

Kichwa cha shawa kifungue, kiloweke saa moja kwenye lita 1 ya maji vuguvugu yenye vijiko vikubwa 2. Kromu ikiwa imeanza kubanduka, dakika 15 zinatosha.

Zuhura T: Angalia hiyo terazo! Ina vipande vya marumaru na saruji, na ndimu au siki huila. Tone likidondoka utaona vipovu, kisha doa lililofifia ambalo hakuna sabuni ya kulirudisha. Tandika tambara bichi kuzunguka sinki. Na jiki isikaribie kabisa: ikikutana na ndimu inatoa gesi ya klorini, mbaya kuliko mvuke unaoukimbia.

Mama Wawili: Asante. Nikichanganya na magadi soda ipate nguvu?

Fundi Bomba: Hapana, magadi yanaua uchachu. Lile povu ni hewa tu inatoka, unabaki na maji ya chumvichumvi. Magadi ni ya mafuta: vijiko 2 kwa lita 1 ya maji moto, kwa vigae vya jikoni, na glavu mkononi. Sufuria ya alumini usiioshee, itakuwa nyeusi.

Zuhura T: Ila ndimu si dawa ya vijidudu ya kutegemea. Mtu akiharisha nyumbani, osha choo kwa sabuni, suuza hadi ndimu iishe, ndipo jiki ya asilimia 3.5: kipimo 1 kwa vipimo 6 vya maji, dakika 10, dirisha wazi, mtoto awe nje.