MREJESHO: Vijana wa usharika na kuchangia damu

Habari wakuu. Niliuliza vijana wa usharika wetu wafanye nini Pasaka hii zaidi ya sabuni na sukari za kila mwaka kwa yatima. Wengi mlishauri tuwaite Damu Salama, wale wa mpango wa taifa wa kukusanya damu. Tuliwaita, wakaja.

Vitanda vilipangwa chini ya mwembe baada ya ibada ya pili. Mchungaji akatangulia, shati limekunjwa mpaka begani, kwaya nzima inamchungulia. Baada ya hapo foleni ikajaa. Waliokwama wengi ni mabinti wembamba, maana lazima ufikishe kilo 50. Wengine damu haikutosha, wakaambiwa wakale mchicha na maini kwanza. Mama mmoja alinuna kweli, eti analima shamba zima peke yake!

Kwa aliyeuliza kama majibu ya vipimo vya damu husomwa hadharani: hapana. Damu hupimwa VVU, homa ya ini na kaswende, na majibu ni siri ya mchangiaji. Nadhani hofu hiyo ndiyo iliyowakimbiza baadhi ya wazee wa kanisa.

Tutarudia: wanaume baada ya miezi 3, wanawake 4. Na sukari ya yatima ilipelekwa pia, msinisakame.