Ushauri: setilaiti ndogo inayojiponya kama mwili

Seli_ya_Akiba: Wakuu, nakwama. Niko mwaka wa mwisho, uhandisi wa elektroniki. Mradi wangu ni kompyuta ya setilaiti ya mchemraba, sentimita 10 kila upande, kwa vipuri vya kawaida. Huko juu mionzi hugeuza 0 kuwa 1 kwenye kumbukumbu. Nimefuata wazo la mtafiti Daniel Mange na wenzake wa Lausanne, Uswisi, miaka ya 1990: kama mwilini, kila seli ya bodi, yaani kipande kidogo cha saketi, inabeba maelekezo yote, moja ikifa ya akiba inashika kazi. Msimamizi anataka nirahisishe. Nifanyeje?

Mzee_wa_Solda: Dogo, msikilize. Mimi nilibishana na wangu, nikarudia mwaka. Cheti kwanza.

Binti_Malindi: Usikate tamaa! Huku kwetu Kenya setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la baharini la San Marco tangu 1967, na setilaiti yetu wenyewe, Taifa-1, ikapaa 2023, ingawa si kutoka hapa.

Nusu_Ampia: Hujasema umeme unaingiaje. Seli zote zinakula laini moja?

Seli_ya_Akiba: Hilo nitaliangalia baadaye.

Nusu_Ampia: Jibu, mkuu.

Seli_ya_Akiba: Ndiyo, laini moja, swichi moja. Ila bodi zimeshachapwa kwa hela ya mama mkubwa. Na seli zinakaguana, programu itaona hitilafu.

Nusu_Ampia: Ikishaona itafanya nini? Chembe nzito ya mionzi ikipiga chipu vibaya, chipu inavuta mkondo mpaka inaungua. Dawa ni kuikatia umeme upesi, kisha kuwasha upya. Kwako ukikata, zinazima zote. Usipokata, moja inazinyima wenzake. Nakala zote hizo hazitakusaidia.

Mpita_Njia: Chai hii. Chuo hakitajwi, picha hakuna. Mtu kasoma makala katuletea.

Mzee_wa_Solda: Hata mimi nimeanza kushtuka.

Seli_ya_Akiba: Bodi ninayo mkononi. Safu nne za seli, nyuma kuna njia pana ya shaba kutoka betri. Nikiikata kwa kisu baina ya safu, naweza kuweka fyuzi inayojirudisha kila safu?

Mpita_Njia: Picha.

Nusu_Ampia: Fyuzi hiyo husubiri joto, itachelewa. Weka swichi yenye kikomo cha mkondo kila safu. Na saa ya ulinzi, ile inayowasha upya mtambo ukiganda, ikae nje ya seli.

Seli_ya_Akiba: Swichi nne basi. Kesho naingia Kariakoo. Msimamizi nitampelekea safu moja ikifanya kazi, ndipo tuongee.