Tupeane uzoefu: Hedhi imekoma, kichwa kinawasha na kutoa magamba. Wenzangu mlifanyaje?

MamaPacha_Tanga

Wapenzi, salaam. Wakubwa zangu shikamooni.

Nina miaka 51. Mwaka juzi nilifunga Ramadhani nzima bila kula hata siku moja, mara ya kwanza tangu nivunje ungo, ukitoa miaka ya mimba. Siku hazikurudi tena. Joto la usiku nililijua, mama alishanisimulia anavyoamka kubadilisha kanga. Habari ya kichwa hakuna aliyewahi kuniambia.

Kilianza nyuma ya masikio, kikapanda panjani, sasa ni utosi mzima. Magamba yana rangi kama ya ganda la kitunguu, yana mafuta, ukiyakwangua yanaingia chini ya ukucha. Nina buibui langu jeusi nililolishonea kwa arusi ya mwanangu, sasa limekaa kabatini, maana nikikaa robo saa tu mabega yanakuwa kama nimetoka kuchekecha unga. Kwenye hitima juzi nilijikuta natumbukiza mkia wa kitana ndani ya ushungi najikuna mbele za watu, nikautoa una damu. Nilirudi nyumbani nikalia.

Nimepaka mafuta ya nazi kila usiku kama bibi alivyotufundisha. Nimekamulia ndimu, nimeoshea siki. Naona ndiyo kinazidi. Waliopitia hili naomba mniambie, na tafadhali semeni hata yale ya aibu.

NesiMstaafu

Marahaba mwanangu, na pole sana. Mimi nimefanya kazi ya uuguzi miaka 33 na bado nilipofika huko nilijipaka mafuta ya nazi mwaka mzima, kwa hiyo usijione mjinga.

Hiyo kwa maelezo yako naona ni mba, ngoja nikueleze kinachotokea. Kwenye ngozi ya kichwa cha kila mtu wanaishi fangasi wadogo wa jamii ya hamira, wanaitwa Malassezia. Chakula chao ni mafuta. Muda mwingi tunaishi nao kwa amani. Lakini homoni ya estrojeni ikishuka, ngozi inakauka, ule ukuta wake wa juu unalegea, inakuwa nyepesi kuchubuka na kukasirika kwa vitu ilivyokuwa inavumilia. Weka na lile jasho la usiku linalolowesha kisogo, weka na mtandio juu ya nywele mbichi, fangasi wamepata shamba. Wewe unaona ukavu, unaongeza mafuta. Nao wanakula.

Mimi nilipona kwa shampuu ya ketokonazoli ya asilimia 2, inapatikana famasi. Lakini kosa la wengi ni namna ya kuitumia. Wanaipaka kwenye nywele, povu likitoka wanasuuza. Ile ni dawa ya ngozi. Gawa nywele mafungu, paka kwenye ngozi kwa ncha za vidole, si kucha, uache dakika 5 ukitazama saa, kisha ndiyo usuuze. Mara 2 kwa wiki, wiki 2 mpaka 4. Kikitulia, mara moja kila wiki moja au mbili, kwa sababu hali hii haiondoki moja kwa moja, inatulizwa. Kwa nywele zetu za kipilipili mara 2 kwa wiki zinaweza kukatika, wengine madaktari huwaambia mara moja inatosha. Nywele zenyewe zipake kondishena kuanzia katikati hadi nchani, ngozi usiiguse.

Na si kila gamba ni mba. Yakiwa manene, meupe ya kung'aa, yanavuka mstari wa nywele kuja usoni, na mengine yako viwikoni na magotini, hiyo huenda ni soriasisi, ugonjwa mwingine wa ngozi. Ukisikia kuungua utosini na nywele zinapungua hapohapo huku ngozi ikilainika na kung'aa, usikae hata wiki mbili, nenda. Shina la nywele likishafunikwa na kovu nywele haioti tena.

Kijakazi_wa_Mji_wa_Kale

Dadangu, yangu yalianza hivyohivyo na kila mtu akaniambia ni mba. Kumbe ni rangi.

Nikiwa msichana, siku ya arusi ya dadangu hapa Mombasa, nilichorwa maua ya piko mkono mzima. Baada ya siku mbili yale maua yaliumuka malengelenge, petali kwa petali, nikabaki na alama miezi. Tukasema ni jicho la watu, yakapita. Nilipofika miaka 49 mvi zikanijia kwa kasi, nikawa napaka rangi nyeusi ya paketi. Mara ya kwanza muwasho tu. Mara ya pili magamba. Mara ya tatu niliamka kope zimevimba hata siwezi kufungua macho, na nyuma ya masikio majimaji yanadondoka kwenye mto.

Daktari hakuanza na kichwa. Aliniuliza, "Mama, umewahi kupaka piko?" Nikamwonyesha mkono. Akaniambia piko ile hutengenezwa kwa rangi hiyohiyo ya nywele, ndani yake mna kemikali ya parafenilinidiamini, na mwili ukishaikataa mara moja hausahau maisha. Sasa napaka hina ya majani matupu, nywele zangu zina wekundu, na nimezizoea. Ukiambiwa ni hina nyeusi usiiguse, hina hasa haina weusi.

Kwa hiyo swali langu kwako: mvi wazifanyaje?

MamaPacha_Tanga

Mvi nimeziacha, dada, sipaki kitu. Ila umenishtua na hiyo piko. Binti zangu wote wanachorwa. Nitawaambia leo hii.

BibiWaWatatu

Mimi niko Morogoro, nina miaka 57. Nisome vizuri, mleta mada, hasa kama unalala na wajukuu.

Nilitumia hiyo shampuu ya ketokonazoli miezi mitatu, kwa utaratibu, dakika zote. Ikipoa kidogo, inarudi. Nywele zikaanza kukatikia chini kabisa, zinabaki kama vidoti vyeusi. Mjukuu wangu wa miaka sita alikuwa na mapunye, na mimi ndiye niliyekuwa namsugua dawa, namlaza kifuani kwangu, tunatumia kitana kimoja. Haikunijia hata siku moja kwamba bibi mzima anaweza kupata mapunye. Nilijua ni ugonjwa wa watoto.

Kliniki ya ngozi walinikwangua magamba kidogo kwa kisu kidogo, wakayaweka chini ya hadubini, wakamwona fangasi. Si yule wa mba, ni mwingine, anaingia ndani ya unywele wenyewe. Daktari alinieleza jambo ambalo sitalisahau: yale mafuta ya asili ya kichwa cha mtu mzima ndiyo yanayomzuia fangasi wa mapunye, na mwanamke akikoma hedhi mafuta yale yanapungua, ndiyo maana watu wazima wanaoyapata wengi wao ni wanawake wa rika letu. Shampuu peke yake haimfikii. Nilimeza vidonge wiki kadhaa, na watoto wote ndani ya nyumba wakatibiwa pamoja nami. Vitana tulichoma.

Nimepona, lakini kuna sehemu moja ya upana wa shilingi nywele zimechelewa sana kurudi.

SaluniNdiyoKaziYangu

Naandika hili kwa uchungu kwa sababu nimelifanya kwa kichwa changu na nimewashauri wateja walifanye.

Ile tyubu ndogo ya cream yenye dawa tatu ndani, inayouzwa mpaka kwenye maduka ya vipodozi. Unapaka leo, kesho muwasho hakuna. Ni muujiza. Nimeipaka panjani na nyuma ya masikio karibu mwaka na nusu. Ndani yake kuna steroidi kali, dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho. Nikiacha siku tatu, kichwa kinawaka moto kuliko mwanzo, narudi kwenye tyubu. Ngozi ya paji ikawa nyembamba, mishipa inaonekana, ukinigusa na kitana natoka damu. Hapo bado ngozi ya umri wetu yenyewe imeshapungua unene kwa kukosa estrojeni.

Daktari hakunikataza ghafla. Alinishusha taratibu, akanipa ya nguvu ndogo, siku kwa siku, huku naosha kwa shampuu ya dawa. Kanieleza steroidi si sumu, zinasaidia sana kichwa kikiwa kimechachamaa, lakini ni kwa siku chache na mtu anayejua amekuandikia.

Na jingine la kazini: mteja wangu mwenye kichwa cha namna hii simsuki rasta za kubana, simwekei dawa ya kunyoosha nywele, wala simtii kwenye drayari ya moto. Akikasirika aende kwingine, akipona atarudi.

Nimelificha_Jina

Nilisoma huu uzi jana usiku nikafunga simu, leo nimerudi.

Yangu haikuishia kichwani. Ilishuka kwenye nyusi, pembeni ya pua, kifuani katikati, kwa wiki chache tu, na ilikuwa kali. Nilikuwa na miaka 53, mjane. Nikasema ni kukoma hedhi, maana kila kitu siku hizo nilikisingizia hilo: kukonda, jasho la usiku, uchovu. Daktari alinitazama, akaniomba kwa upole nipime virusi vya UKIMWI. Nikakasirika, mimi mama mtu mzima. Akasema magamba yanapokuja kwa nguvu kiasi hicho ni lazima aangalie.

Nilikutwa nao. Nimeanza dawa, nina miaka minne sasa, virusi havionekani kwenye kipimo, na kichwa changu kimetulia kuliko cha wengi hapa. Wengi wenye magamba hawana hilo, najua, na sitaki kumtisha mtu. Ila kama yako yanasambaa hivyo, mama, pima.

NesiMstaafu

Ahsante mwanangu kwa kusema. Mungu akuzidishie afya. Na hilo la jasho la usiku na kukonda wengine walishike: kukoma hedhi kunaleta jasho, ndiyo, lakini ukikonda, mwambie daktari.

Dada_wa_Minneapolis

Fupi tu kutoka huku Minnesota. Mimi kinachoniua ni baridi. Kuanzia Novemba hita ya nyumba inakausha hewa, magamba yanakuja, kiangazi yanapungua. Nilikuwa nayaficha na wigi, na lile joto la ghafla likinipanda ofisini, ndani ya wigi ni kama sufuria iliyofunikwa. Sasa wigi navaa saa chache, kofia yake ya ndani naifua kila mara, na kichwa naosha Jumapili bila kukosa. Naweka na foronya ya satini, naibadilisha kila siku ya tatu. Haijaisha, lakini nalala.

MumeWaMwalimu

Samahanini kina mama, nimeingia bila hodi. Mke wangu ni mwalimu, ana miaka 50, alikuwa amefika mahali hataki nimguse kichwa. Alijitenga hata kitanda, nikadhani nimemkosea. Siku moja niliona mto wake, damu na magamba. Nikamwuliza, akalia, akaniambia anajisikia mchafu.

Tulikwenda hospitali ya KCMC, Moshi, pale kwenye kituo cha magonjwa ya ngozi kilichoanza 1992. Walimpa shampuu na dawa ya maji ya kudondoshea kichwani siku za mwanzo. Sasa tatizo lilikuwa utosini na kisogoni haoni. Basi ikawa kazi yangu. Jumamosi jioni anakaa kwenye kigoda, mimi nyuma yake kwenye kiti, tochi ya simu naibana kwapani, nagawa nywele mstari kwa mstari kama anayetafuta chawa. Mwanzo nilikuwa naikosa ngozi, dawa inaishia kwenye nywele. Yeye ananihesabia dakika 5 kwenye saa ya ukutani. Wiki ya kwanza tulikuwa kimya. Wiki ya nne alikuwa ananisimulia habari za wanafunzi wake mpaka dakika zinapitiliza.

Kwa hiyo mleta mada, kama mzee yupo, au binti, mpe tochi.

MamaPacha_Tanga

Nimerudi baada ya wiki tatu. Mzee wangu alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo tochi ameshika mmoja wa mapacha, na anashika vizuri kuliko nilivyotegemea.

Mafuta ya nazi nimeyarudisha jikoni. Nywele nazikausha kwanza kabla ya ushungi, hata kama nachelewa. Nimeosha mara sita. Panjani pamekuwa safi, utosini magamba yamebaki machache na hayana tena yale mafuta. Nyuma ya sikio la kushoto bado panawasha, pamepasuka kidogo mkunjoni, na usiku ndiyo zaidi. Nina siku ya kliniki ya ngozi Jumanne, nitaomba wanikwangue waangalie kama alivyosema Bibi, maana wajukuu wawili wako hapa likizo na mmoja nimemwona kisogoni ana duara.

Swali moja kabla sijaenda: je, nifumue mabutu kabla ya kuonana na daktari, au waone hivihivi?

BibiWaWatatu

Fumua, na usioshe siku hiyo, ili waone kilichopo. Na huyo mwenye duara nenda naye.