Sarafu ya 1780 yenye ukingo laini: ni fedha kweli?

Kifukuzi: Wakuu, detekta ya metali imeibua sarafu kubwa nyeusi. Upande mmoja mwanamke mwenye ushungi, wa pili tai wa vichwa viwili na mwaka 1780. Kipenyo milimita 40, uzito gramu 24.6, hainasi sumaku. Ukingo ni laini, una mstari unaoizunguka yote. Ni madini ya fedha? Nisafishe kwa ndimu?

Mizani: Ndimu weka mbali kabisa! Asidi hula metali pamoja na uchafu, na maandishi madogo ndiyo hutangulia kufutika. Iloweke kwenye maji ya betri (maji, si asidi yake), udongo ukilainika uondoe kwa kijiti.

Hiyo ni sura ya taala (sarafu kubwa ya fedha) ya Maria Theresa, mtawala wa Austria. Tarehe isikudanganye: alifariki 1780, na baada ya hapo ziliendelea kugongwa (kupigwa chapa) kwa mwaka uleule. Halisi ina gramu 28.07, fedha 833 kwa 1000. Yako imepungukiwa na gramu 3.5, nyingi mno kwa uchakavu wa kawaida. Tena ukingo halisi una maneno yaliyoinuka, IUSTITIA ET CLEMENTIA. Huo mstari naona ni mshono wa kalibu: imemiminwa kwa metali iliyoyeyushwa, haikugongwa.

Tupa_Laini: Tusikimbilie hukumu. Nyingi zilivaliwa kama vidani, na sonara huweza kuupiga ukingo tupa maneno yakaisha. Tafuta tundu lililozibwa au doa la lehemu juu ya kichwa.

Mizani: Tupa ingepunguza kipenyo pia. Gramu 3.5 zikitoka ukingoni pekee, kinashuka hadi milimita 37.5 hivi. Hiki kimebaki 40.

Tupa_Laini: Hapo nimekubali. Basi pima msongamano (uzito kwa ujazo). Weka kikombe cha maji juu ya mzani wa kidijitali, kisha urudishe mzani kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe yote bila kugusa chini wala kando. Ikigusa, mzani unabeba uzito wake na kipimo kimeharibika. Tone la sabuni ni muhimu: mapovu yakiganda juu yake, hata fedha safi itaonekana bandia. Gawa 24.6 kwa namba utakayosoma. Taala halisi hutoa karibu 10.2.

Kifukuzi: Imesoma 2.9.

Mizani: 8.5 basi, aloi ya shaba (shaba iliyochanganywa na metali nyingine). Angalia kati ya herufi kwa lenzi: vitundu vya mapovu vitathibitisha kalibu. Hata hivyo andika kina na mahali ilipotoka kabla hujasahau. Na detekta ikilia tena hapohapo, acha kuchimba, wajulishe wa makumbusho. Nchi nyingi zinadai hivyo kisheria.