Nishati ya ulinganifu: mbona hesabu yangu inaishia MeV 12?

Mwalimu wa Chumbageni
Ndugu wanajukwaa, nafundisha fizikia hapa Tanga, na mwanafunzi wa kidato cha sita ameniuliza swali ambalo nimerudi nalo nyumbani. Nilimweleza kwamba nyutroni zikizidi protoni, kanuni ya Pauli, inayokataza chembe mbili za aina moja kukaa katika hali moja, huzilazimisha zile za ziada kupanda ngazi za juu za nishati, na gharama ya kupanda huko ndiyo nishati ya ulinganifu. Kisha nikapiga hesabu: kwa densiti ya kawaida ya viini, yaani nyukleoni (protoni na nyutroni kwa pamoja) 0.16 katika kila femtomita ya ujazo, nishati ya Fermi, yaani ya ngazi ya juu kabisa iliyojaa, ni karibu MeV 37 (MeV ni kipimo cha nishati), na theluthi yake ni MeV 12 tu, ilhali thamani inayokubalika ni karibu 32. Hizo 20 zimetoka wapi?

Mzee wa Ngamiani
Mwalimu, hesabu yako ni sahihi, ila umehesabu mwendo peke yake, kana kwamba nyukleoni ni wapangaji wasiosemezana. Nyutroni na protoni huvutana zaidi kuliko nyutroni mbili. Ndiyo maana jozi ya kwanza hufungamana ikawa deuteroni, lakini nyutroni mbili peke yake hazifungamani. Sasa fikiria protoni iliyo ndani ya mata (maada) yenye nyutroni nyingi: imezungukwa na zile zinazoivuta sana, hivyo potensheli yake, yaani shimo la nishati linaloishikilia, huzidi kina, wakati potensheli ya nyutroni hupungua kina, na tofauti hiyo hukua kadiri uwiano wa ziada ya nyutroni kwa nyukleoni zote unavyokua. Mwanafizikia Lane aliieleza hivyo mwaka 1962.

Liko jambo la pili, nalo husahauliwa mno. Potensheli hutegemea pia mwendo wa nyukleoni, kwa hiyo nyukleoni ndani ya mata hujiendesha kana kwamba masi yake ni takribani asilimia 70 ya ile ya kawaida. Gawanya 12 yako kwa 0.7, utapata karibu 18. Zinazobaki, kama 14, ni nusu ya potensheli ya ulinganifu, ile inayopima tofauti niliyoitaja kati ya protoni na nyutroni, ambayo ni karibu MeV 28.

Mwalimu wa Chumbageni
Shikamoo mzee, nimeelewa. Lakini nikichukua risasi-208, yenye protoni 82 na nyutroni 126, mraba wa uwiano wa 44, ziada ya nyutroni, kwa 208 ni 0.045, na mara 32 napata MeV 1.4 kwa kila nyukleoni. Fomula ya masi za viini tunayofundisha hutumia karibu 23 badala ya 32, nayo hutoa MeV 1 tu.

Msomaji wa Bagamoyo
Hapo, mwalimu, ni suala la uso wa kiini. Thamani ya 32 ni ya mata isiyo na mpaka. Kiini kina uso, ambako densiti ni ndogo na nishati ya ulinganifu nayo hupungua, basi wastani wake hushuka. Inapungua kwa kasi gani, huo ndio ubishi wenyewe. Mwaka 2021 jaribio la PREX-2 huko Marekani lilipata kwamba nyutroni za risasi-208 huzipita protoni kuelekea nje kwa takribani femtomita 0.28, na tabaka hilo huitwa ngozi; ni ngozi nene inayoashiria mteremko mkali, yaani nishati ya ulinganifu hupungua kwa kasi densiti inaposhuka. Mwaka uliofuata jaribio jingine, CREX, likapata 0.12 tu kwa kalisi-48, inayoashiria mteremko mpole zaidi. Kwa hiyo mwambie kijana kwamba 32 ina mashaka machache, ila kwa densiti maradufu, kama ndani ya nyota za nyutroni, bado watu wanavutana.