Sare ya kwaya: je, kuvaa sawasawa kunamnyima mtu nafasi ya kujieleza?

Katibu wa Kwaya:
Ndugu wanajamvi, salaam. Mimi ni katibu wa kwaya ya wafanyakazi, yenye watu wa dini, umri na maumbo mbalimbali, na tunajiandaa kushona sare kwa mara ya kwanza. Kamati ilipendekeza shati jeupe la kubana lenye vifungo mbele, suruali nyeusi kwa wanaume, na sketi ya kuishia magotini kwa wanawake. Mchoro ulipowafikia wanakwaya, mambo yakaanza kujitokeza. Mwenzetu anayetumia kiti cha magurudumu alisema kwa upole kwamba yeye atavaa nguo zake na kukaa mstari wa nyuma ili asiharibu mwonekano. Dada mmoja anayejistiri kwa hijabu hakusema neno, na sote tulijua kwa nini. Kijana mwingine akatamka waziwazi kwamba sare ya aina yoyote inamfuta, kwa kuwa mavazi ndiyo yanayomtambulisha kwa watu kabla hajafungua kinywa.

Naomba ushauri wenu. Je, tuachane na sare kila mtu avae apendavyo, au kuna namna ya kushona sare ambayo itatuonyesha kuwa kundi moja huku kila mmoja akibaki yeye mwenyewe? Lile neno la kukaa nyuma limenikera sana, kwa sababu mwenzetu huyo ndiye nguzo ya sauti ya tatu.

Fundi Cherehani:
Ndugu Katibu, kabla ya kuzungumzia utu na kujieleza, tuzungumzie kipimo, maana hapo ndipo watu wengi wanapoachwa nje. Suruali ya kawaida hukatwa kwa mtu aliyesimama. Mtu huyo akikaa kutwa nzima, kiuno cha nyuma hushuka na kumwacha wazi, kitambaa cha mbele hujikusanya tumboni, na pindo hupanda juu ya vifundo vya miguu. Mpime akiwa amekaa. Nyuma ongeza urefu kutoka makalioni hadi kiunoni, mbele punguza, na miguu irefushwe kidogo. Mifuko ya nyuma ondoa kabisa, na mishono minene isiwepo mahali anapokalia, kwa sababu mtu asiyeweza kujigeuza mara kwa mara anaweza kupata vidonda kutokana na mgandamizo wa mshono mmoja tu. Koti au shati lake liwe fupi zaidi kwa mbele, lisijikunje mapajani.

Kazi yote hiyo haihitaji mashine ya pekee wala kitambaa tofauti. Inahitaji fundi aliyetandaza karatasi yake ya kukatia akijua atakayevaa ni nani. Kwa anayesumbuka kufunga vifungo, tumia velkro, yaani ukanda wa kunatana, chini ya vifungo vya urembo, na shati litaonekana sawa na la wenzake.

Msomaji wa Historia:
Ningependa kumjibu yule kijana kupitia kwako, Ndugu Katibu, kwa sababu hoja yake ni nzito kuliko inavyoonekana. Mwanasosholojia wa Ujerumani, Georg Simmel, aliandika mwaka 1904 kwamba mtindo wa mavazi huishi kwa nguvu mbili zinazovutana: hamu ya kufanana na wengine na hamu ya kujitofautisha nao. Nguvu moja ikikosekana, mtindo hufa. Kwa maana hiyo, hata kijana huyo anayevaa kwa namna yake anawafuata watu fulani anaotaka kuhesabiwa miongoni mwao, na hilo si kosa hata kidogo. Linalostahili kuulizwa ni nani anayeamua masharti ya kufanana.

Mamlaka zimekuwa zikiamua jambo hilo kwa muda mrefu. Amri ya polisi ya Paris ya mwaka 1800 ilimtaka mwanamke aombe kibali kabla ya kuvaa mavazi ya kiume, na ni mwaka 2013 tu ambapo serikali ya Ufaransa ilitangaza rasmi kwamba amri hiyo haina nguvu, ingawa suruali za wanawake zilikuwa zimekwisha kuzoeleka kwa miongo mingi. Katika michezo, FIFA iliruhusu rasmi vazi la kufunika kichwa uwanjani mwaka 2014, na shirikisho la mpira wa kikapu, FIBA, likafuata mwaka 2017. Kabla ya hapo, mchezaji mwenye kipaji angeweza kuzuiwa kwa sababu ya kitambaa cha kichwani. Huyo dada aliyenyamaza anaifahamu hali hiyo bila kuhitaji kusomewa historia.

Hata namba za saizi zina historia yake. Marekani iliwapima wanawake takriban 15,000 mwaka 1939 na 1940 ili kupata vipimo vya nguo za dukani, lakini vipimo vilivyotumika katika hesabu vilikuwa vya wanawake wazungu pekee. Anayeambiwa kwamba mwili wake hauingii kwenye saizi anapaswa kujua kwamba saizi yenyewe ilitungwa bila kumtazama kila mtu.

Mkono Mmoja:
Namheshimu Fundi, ila kuhusu velkro natofautiana naye. Mimi mkono wangu wa kushoto hauna nguvu, na nimevaa mashati ya aina hiyo. Velkro hunguruma ukumbini unapoifungua, hushika nyuzi za nguo nyingine kwenye kufua, na baada ya muda haishiki tena. Sumaku ndogo zilizoshonwa ndani ya ukanda wa vifungo hufunga kimya kwa mguso mmoja, mradi mvaaji asiwe na kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, kwa kuwa sumaku inaweza kukivuruga. Ulizeni kwanza.

Jingine ni uzuri. Nguo nyingi zinazotengenezwa kwa ajili yetu hufanana na mavazi ya wagonjwa, kana kwamba mtu mwenye ulemavu anahitaji kusitiriwa tu na hana haja ya kupendeza. Kampuni ya mavazi ya Tommy Hilfiger ilipotoa mwaka 2016 nguo za watoto wenye ulemavu, jambo lililonigusa ni kwamba zilifanana na nguo zake nyingine. Na mwanariadha Aimee Mullins, ambaye hana miguu kuanzia chini ya magoti, alipopita jukwaani London mwaka 1998 katika maonyesho ya mbunifu wa mavazi Alexander McQueen, alivaa miguu ya bandia ya mbao iliyochongwa nakshi, na watazamaji wengi walidhani ni buti. Mwenzenu msimshonee kwa huruma. Mwulizeni anapenda nini, kisha mkae mbali kidogo na kumwacha achague.

Bila Sare:
Kwa maoni yangu, chagueni rangi tu, mengine mwachieni kila mtu. Sare huwapendeza zaidi waliokuwa kwenye kamati.

Katibu wa Kwaya:
Nawashukuru wote. Hoja ya rangi imewavutia wengi, ila nina hofu kwamba tukichagua buluu, kwa mfano, na kila mtu akijinunulia, tutakuwa na buluu za kila namna, na wasio na uwezo wataonekana haraka. Fundi, unasemaje?

Fundi Cherehani:
Hofu yako ni ya kweli, maana hata kitambaa cha kiwanda kimoja hutofautiana rangi kutoka mkupuo mmoja wa kutiwa rangi hadi mwingine. Nunueni jora zima kwa fedha za kikundi, au majora ya mkupuo mmoja, kisha kila mwanakwaya aje na mshono wake: gauni refu na kilemba cha kitambaa hichohicho kwa anayejistiri, shati pana kwa asiyependa kubanwa, suruali iliyopimwa kwa aliyekaa, na huyo kijana mwachieni kola na mikono aibuni atakavyo. Kuhusu velkro, Mkono Mmoja ana haki, na mimi nitatumia sumaku. Ila mpangilio wa mistari jukwaani ufuate sauti, mwenye sauti ya tatu akae na wenzake wa sauti ya tatu, na mpango huo uandikwe kabla nguo hazijakatwa.