Naombeni mnitajie vitabu vya Saudi vya watoto wa miaka 8 hadi 12

BabaK
habari za jioni wakuu naomba msaada nina binti wa miaka 10 anapenda sana hadithi nataka vitabu vya Saudi vipya vya miaka hii ya karibuni vya rika lake visiwe vya kitoto sana wala vya kikubwa masharti yangu ni kwamba msomaji awe mmoja tu wasiwe wengi muziki usiwepo kabisa kitabu kiwe kizima kisiwe kimefupishwa asisome haraka na kiwe kinapatikana pia cha karatasi nitashukuru ni haraka kidogo kabla ya Jumatatu

Mzee wa Nukta
Saudi ndiyo Saudia, au kuna nyingine? Halafu mkuu, nukta hazilipiwi. Nimesoma mpaka pumzi imekata.

MamaWawili
Anamaanisha vya sauti, acha utani wewe. BabaK, wangu wana miaka 9 na 12. Anza na The Eyes and the Impossible cha Dave Eggers, kilitoka 2023 na mwaka uliofuata kikachukua Medali ya Newbery, tuzo ya Marekani ya vitabu vya watoto. Anayesimulia ni mbwa asiye na bwana, anaishi kwenye bustani kubwa kando ya bahari, na anayemsomea ni Ethan Hawke, yule mwigizaji wa filamu. Peke yake. Huyo mbwa anavyojisifia mbio, wangu wa miaka 9 alikuwa anazunguka meza na hedifoni zake mpaka akaangusha taa. Cha pili ni Impossible Creatures cha Katherine Rundell, kimesomwa na Samuel West. Hicho kina vifo, sikiliza kwanza mwenyewe.

Kobe Mwendo
Ongeza Amari and the Night Brothers cha B. B. Alston, 2021, msomaji Imani Parks. Binti anamtafuta kaka yake aliyepotea, anakuta kaka mtu alikuwa mtumishi wa idara ya siri ya mambo ya kichawi. Ila kama mfuko unaruhusu, chukua yale matoleo mapya ya Harry Potter ya Audible, wauzaji wa vitabu vya sauti, yaliyoanza kutoka Novemba 2025. Waigizaji zaidi ya 200, muziki, vishindo. Unasikia kabisa treni inapita katikati ya kichwa.

BabaK
asante sana dada na wewe ndugu cha mbwa nimekichukua lakini huyo Itahoka anasoma haraka au taratibu hicho cha waigizaji 200 hakifai kabisa nimesema mmoja hata wawili hawafai nukta

Mzee wa Nukta
Itahoka hahahaha. Mkuu, nilisema uweke nukta, sikusema uandike neno nukta.

Mwalimu Mstaafu
Vijana, nimewasoma kwa masikitiko. Mtoto wa miaka 10 anapewa kitabu mkononi anasoma. Hayo mengine ni kumfundisha uvivu. Sisi tulisoma kwa kibatari na macho yetu haya yako salama. Kusikiliza si kusoma.

Ndani ya Maktaba
Mwalimu, shikamoo. Naomba nikupinge kwa heshima. Kuna watafiti wa usomaji, Gough na Tunmer, waliandika mwaka 1986 kwamba kuelewa unachosoma ni hesabu ya kuzidisha: uwezo wa kuzitambua herufi mara uwezo wa kuielewa lugha yenyewe. Kuzidisha, siyo kujumlisha. Upande mmoja ukiwa sifuri, jibu ni sifuri hata ule mwingine uwe mkubwa vipi. Kitabu cha sauti hakimfundishi mtoto herufi, hapo uko sahihi. Ila kinaunenepesha ule upande wa pili: misamiati, sentensi ndefu, namna hadithi inavyojengwa.

BabaK, majina yakikuishia fuata orodha ya Tuzo ya Odyssey. Chama cha maktaba cha Marekani kinaitoa tangu 2008 kwa vitabu vya sauti vya watoto na vijana, na wanachopima ni usomaji.

Mwalimu Mstaafu
Marahaba. Bado nasema ni uvivu.

Fundi Saa
Mimi silipii sauti. Nenda LibriVox, wapo tangu 2005, watu wanajitolea kusoma vitabu ambavyo hakimiliki imeisha. Vipya hutakuta. Kuna kimoja tulisikiliza nyumbani, sura ya kwanza anasoma mama ana sauti ya asali, sura ya pili kaja babu mwenye mafua. Mhusika ni yuleyule msichana. Tukasema labda amekua.

Mama wa Zamu
Umenikumbusha, Fundi. Mimi nafanya kazi usiku. Nilikuwa nawarekodia watoto hadithi kwenye simu, wakitaka kulala wanafungulia. Usiku mmoja nilirekodi nikiwa na kifua, nikakohoa katikati ya sentensi, nikasema "subiri, mama anywe maji," na nikanywa. Sikufuta, nilichoka. Basi hiyo ndiyo waliyoitaka kila siku. "Mama, ile ya maji." Nikarekodi nyingine safi kabisa, wakaikataa.

Jicho Kavu
Turudi kwa mleta uzi maana kuna kitu hakijakaa sawa. Mtoto ndiye anasikiliza, sivyo? Sasa muziki unakukera wewe nini? Na cha karatasi cha nini kama cha sauti kipo? Na Jumatatu kuna nini? Funguka mkuu, humu hatujuani.

BabaK
ni mapenzi tu ya mtoto ndugu anapenda utulivu

Jicho Kavu
Mtoto wa miaka 10 aliyekataa muziki. Haya.

MamaWawili
BabaK, sema tu baba. Tukijua ndiyo tutakuchagulia vizuri.

BabaK
haya mmenibana anayevaa hedifoni ni mimi siyo yeye kila usiku namsomea binti yangu tangu ana miaka 3 na mimi sijui kusoma najua namba najua jina langu na majina ya watu wa nyumbani lakini mstari mzima herufi zinanikimbia toka utoto wangu alipokuwa mdogo vitabu vilikuwa na picha nikawa natunga leo sungura anaitwa hivi kesho anaitwa vile akinisahihisha namwambia hiki kitabu ni cha ajabu kinajibadilisha usiku sasa vitabu vyake havina picha kwa hiyo navaa kofia ya sufu hedifoni moja sikio la kulia yeye anakaa kushoto msomaji akisema mimi nafuata nyuma yake maneno mawili matatu kama mwangwi kufungua ukurasa naangalia macho yake yakifika kona ya chini nafungua wakiwa wasomaji wengi wananichanganya na muziki ukiingia nabaki kimya kama nimekufa ndiyo maana

Mzee wa Nukta
Nimeweka simu chini kwanza.

Kobe Mwendo
Na siku maneno yakitofautiana na kitabu?

BabaK
imeshatokea ndugu kile cha mtoto mwenye miwani kitabu nilinunua cha Uingereza sauti nikachukua ya Marekani kumbe jina la jiwe halifanani akaniambia baba umesema neno jingine nikasema macho yangu siku hizi mabovu kesho yake nikanunua miwani kioo kitupu tu

Ndani ya Maktaba
Hicho ni Harry Potter cha kwanza, na hiyo inawapata wengi. Uingereza kilitoka 1997 jiwe likiwa la mwanafalsafa, Marekani kikatoka 1998 jiwe likageuzwa la mchawi. Sauti ya Stephen Fry inafuata karatasi ya Uingereza, ya Jim Dale inafuata ya Marekani. Kwa unavyofanya wewe, hakikisha karatasi na sauti ni toleo la nchi moja, na pale kwenye maelezo ya sauti paandikwe kwamba hakikufupishwa. Kasi ishushe mwenyewe kwenye programu, 0.8 hivi. Ukienda chini sana msomaji anaanza kusikika kama mlevi.

Jicho Kavu
Jumatatu bado hujaijibu.

BabaK
Jumatatu shuleni kwao wazazi wanasomea darasa dakika 5 kila mmoja binti ndiye aliandika jina langu alikuwa anatamba kwa wenzake kwamba baba yake anasoma kama redio nimeshasema ndiyo nimeshasaini

Mama wa Zamu
Mungu wangu. Na kofia utavaa darasani?

BabaK
nitasema sikio linauma

Mwalimu Mstaafu
Kijana, uongo una miguu mifupi. Mwite mtoto, mwambie ukweli, muombe msamaha. Nimefundisha miaka 31, watoto wanasamehe kuliko tunavyodhani.

Hakimu wa Zamani
Wakuu mnalia bure. Hii ni chai, tena imekolea. Mtu asiyejua kusoma kafungua uzi, anamjibu kila mtu hoja yake, kakusomeni nyote mpaka maswali ya Jicho Kavu anayakwepa vizuri. Kayaonaje? Kama humu anasoma, kitabu cha watoto kinamshindaje? Huyu ni mtunzi anatafuta umaarufu. Baba, kofia, miwani, darasa, Jumatatu. Filamu kabisa.

Fundi Saa
Eh. Hapo pana hoja.

Kobe Mwendo
Nimempa pole mtu wa kutunga? Nirudishieni pole yangu.

Mzee wa Nukta
Mimi nilijua tangu kwenye sungura.

MamaWawili
Hukujua chochote. Pandeni juu mkasome upya. Saudi. Itahoka. Na neno nukta limeandikwa zima. Kuna mtu anaandika nukta kwa herufi tano? Huyu anaongea, simu inaandika.

Jicho Kavu
Kweli bwana. Hakuna herufi iliyokosewa hata moja, kinachokosewa ni neno zima. Anayebonyeza kwa vidole hukosea jirani: anataka T anabonyeza R au Y. D iko safu nyingine kabisa. Sauti kuwa Saudi ni kosa la sikio.

Hakimu wa Zamani
Au ni kosa la mtunzi hodari. Ningekuwa mimi ningefanya hivyohivyo.

BabaK
mkuu hakimu sina ugomvi na wewe simu inaniandikia na simu inanisomea mama K ndiye aliniwekea ukicheka humu inasema ha ha ha ha ha kama inahesabu magunia sasa kumwambia mtoto siwezi nimeshalipia usajili mwaka mzima vitabu 3 vya karatasi vimeshafika na mwakani atakuwa anasoma mwenyewe hatanihitaji itaisha yenyewe mimi niliomba vitabu sikuomba kulelewa

Mwalimu Mstaafu
Umeomba mbele ya kadamnasi, utashauriwa.

Mama wa Zamu
Mimi la malezi siligusi. Ila hilo sikio la kulia, hedifoni moja kila usiku, sauti umeweka juu kiasi gani? Wewe mwenyewe unaongea, kwa hiyo lazima unaipandisha ili uisikie. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima desibeli 80 kwa saa 40 za wiki, na mtoto 75. Ukipanda juu ya hapo muda unakatwa haraka. Siku akianza kusikiliza mwenyewe, funga kiwango kwenye mipangilio ya simu.

BabaK
asante dada hilo sikulijua huwa linavuma asubuhi

Ndani ya Maktaba
Basi ya Jumatatu tuimalize. Wasomaji wa vitabu vya sauti huenda kama maneno 150 kwa dakika. Dakika 5 ni maneno 750. Mtu ambaye amekuwa mwangwi wa wasomaji kila usiku, maneno 750 kwako ni siku tatu. Chukua mwanzo wa kile cha mbwa, mbwa mwenyewe ndiye anaongea, kwa hiyo hata ukiinua macho na kuwaangalia watoto inapendeza. Sikiliza kipande hichohicho mpaka kikae kichwani. Darasani ingia bila hedifoni. Ikikatika katikati umekwisha, lakini kichwa hakiishiwi chaji.

Jingine, na hili ni la taratibu: herufi kukimbia toka utotoni inaweza kuwa disleksia, yaani ugumu wa kusoma wa kuzaliwa nao usiohusiana na akili, na watu wazima wanapimwa. Zipo programu zinazopaka rangi neno lilelile linalosomwa, jicho na sikio vinakwenda pamoja. Na Mkataba wa Marrakesh wa 2013, unaoruhusu vitabu kutengenezwa kwa namna wasioweza kusoma maandishi watakavyovitumia, siyo wa wasioona tu, unamhusu pia mtu mwenye tatizo la kusoma maandishi. Ulizia maktaba vitabu vya mfumo wa DAISY, ni vya sauti vya kidijitali kwa watu wa namna hiyo.

Hakimu wa Zamani
Kwa hiyo mnamfundisha kukariri ili adanganye darasa zima. Safi.

Ndani ya Maktaba
Waigizaji wanalipwa kwa hilo.

Mzee wa Nukta
BabaK uko wapi? Tunasubiri.

BabaK
nipo nilikuwa nasikiliza nimeanza cha mbwa Itahoka anakwenda vizuri dada umesema kweli nitakariri hiyo ya mwanzo kofia nitaiacha nyumbani na hizo programu za kupaka rangi nitamwambia mama K atafute nitawaletea mrejesho Jumatatu jio baba unaongea na nani naongea na simu mama mbona umesema kofia kofia gani ile ya usiku nenda kalale nakuja baba simu yako inaandika

MamaWawili
Wakuu. Mmeona hapo mwisho?

Jicho Kavu
Nimesoma mara tatu.

Hakimu wa Zamani
Simu imenasa na sauti ya mtoto kutoka mlangoni, bila kukosea hata neno? Mimi bado nimekaa na kikombe changu.